Kichaka cha Nyuma kwa Babu

Mama alitibu mkanda wa jeshi kwa majani ya kichaka ambacho hakuwahi kukiona kikiwa kimesimama. Nikiwaambia watu wa nje hivyo hudhani nawatania. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo kosa langu halieleweki, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Kwetu, upande wa Ikuti, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake, hakanyagi uwanja wake. Tunaiita ingamwana. Mama alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, lakini desturi hiyo aliishika kuliko alivyoshika mahubiri. Babu mzaa baba aliishi juu yetu, mwendo wa dakika kumi kupanda kati ya migomba. Alipokuwa anashuka kwenda barabarani, sisi watoto tulipiga kelele kumtahadharisha mama, naye aliacha jembe au ndoo pale pale na kujibanza nyuma ya mgomba, kanga usoni, mpaka mzee apite. Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo. Nilipoanza sekondari nikaanza kuona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kichaka chenyewe alikipanda bibi, mke wa babu, nyuma ya nyumba yao, kwa mche alioutoa kwao milimani. Bibi ndiye aliyemfundisha mama dawa. Alishuka na majani kapuni, akamwonyesha jinsi ya kuyatwanga, kuyakamua na kuyachanganya na mafuta kidogo, kisha kumpaka mgonjwa pale malengelenge yalipojipanga ubavuni. Mama alijaribu kupanda vipandikizi kwetu mara kadhaa, vyote vikanyauka. Bibi alipofariki, kazi ya kuleta majani ikawa yetu watoto, na kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa, ikawa yangu hasa. Kwa hiyo mama aliyajua majani yale kwa vidole na kwa pua. Kichaka hakukijua.

Kulikuwa na kichaka kingine pale mtoni, karibu na njia. Majani yake yalifanana na ya kwa babu mno, urefu uleule, meno yaleyale pembeni. Siku moja ya mvua, nikiwa darasa la tatu, niliona uvivu kupanda mlima nikachuma ya mtoni. Mama alisugua jani moja kwenye kiganja, akanusa, akawatupia kuku kapu zima. "Ya mtoni hayana harufu," alisema. Ya kwa babu yalikuwa na harufu kali, kama tangawizi iliyokatwa kwa kisu chenye sabuni. Alinirudisha juu na mvua yangu hiyohiyo, na tangu siku ile hakuna mtu aliyeijua tofauti kuliko mimi. Sina kisingizio cha kutojua. Natamani ningekuwa nacho.

Nilimaliza kidato cha nne miaka ile ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yalijaa tena sabuni na vitambaa, malori yalipanda kutoka Kiwira kuja kubeba ndizi na viazi, na mitumba ilitandazwa kila mahali. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa. Pamoja na hayo yote ukaja ugonjwa ambao watu hawakupenda kuutaja, na kijana aliyetokwa na mkanda wa jeshi aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Wagonjwa wa mama waliongezeka. Walikuja kwa kupitia shambani, si kwa njia kuu, na mama hakuwauliza lolote. Mmoja alikuwa mwalimu wa kike wa shule yetu ya msingi. Alikuja akiwa amejifunika mabega siku ya jua, akakaa jikoni kwetu akilia kwa maumivu, na mama alimpaka siku nne mfululizo. Wapo waliopata nafuu upesi na wapo walioendelea kuteseka. Kusema kweli sikuwahi kuchunguza. Najua tu kwamba mwalimu yule alirudi darasani, na kwamba mama hakumtaja kwa mtu.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa mama wa makamo, mfamasia wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, mpole, mwenye madaftari mengi na Landrover ya kuazima. Alitafuta mtu wa kumkalimania kwa wazee vijijini, nikapata mimi kibarua hicho. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima nikingoja maisha yanikute. Nikaenda Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya Tukuyu si ile ya pwani, nikanunua kwa mfanyabiashara mmoja viatu vyeupe vya mtumba vyenye kisigino. Kwa matope ya Rungwe, hebu fikiria mtu mwenye akili.

Njiani alinieleza anachotafuta. "Sindano ya PPF inaua bakteria," alisema, "lakini kirusi haikigusi kabisa. Kirusi kinaingia ndani ya chembe ya mwili na kuitumia kuzaliana. Dawa zinazoweza kukizuia duniani ni chache, na hizo chache huku hazifiki. Lakini mmea nao unaugua virusi vyake, unajitengenezea vitu vya kujilinda. Huenda katika majani wanayotumia wazee wetu mna kitu kimoja kinachoweza kutufaa." Nilimeza kila neno. Kwa mara ya kwanza maishani nilidhani kwamba kazi ya mama jikoni na vitabu vya sekondari vinaweza kukutana, na nikajivuna kama vile nimewakutanisha mimi.

Siku ya kwetu ilifika wiki ya pili. Mama alitandika mkeka safi, akampokea mgeni kwa ndizi na maziwa ya mgando. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni. Alikisikia vizuri, ila mbele ya wasomi aliogopa kuteleza, akawa anasema nami kwa Kinyakyusa. Alieleza dawa yake hatua kwa hatua, tangu kichaka kilichoko juu kwa mzee na harufu ya majani yake, nami nikatafsiri. Mtafiti aliandika, kisha akafunga daftari. "Sasa twende na mama akachume mwenyewe, mbele yangu," alisema. "Hiyo ndiyo kanuni yangu. Mwenye dawa anachuma mwenyewe, ili tusije tukabeba mmea usio wenyewe."

Mama akanigeukia. "Mwambie kule mimi siendi, yeye atanielewa. Nenda naye wewe."

Ilikuwa rahisi hivyo tu. Ningeweza kusema: mama haingii uwanja wa mkwe wake, hii ndiyo desturi yetu, nitakupeleka mimi. Mtafiti angeandika pengine ukurasa mzima kwa furaha. Lakini nilimwona mama kwa macho ya msomi wa Dar es Salaam, mwanamke mzima anayejificha nyuma ya mgomba akimwona kizee, na uso ukanishuka. Nikasema, "Mguu unamsumbua. Hawezi kupanda."

"Pole sana mama," mtafiti akasema. "Basi tumpakie kwenye gari. Si barabara inafika hadi kwa mzee?"

Mama alisikia gari, akasikia kwa mzee. Aliinuka upesi, akachukua sufuria na kwenda zake jikoni kwa miguu yake yote miwili, mwendo wa msichana. Mtafiti alimwangalia anavyotembea, kisha akaniangalia mimi. Kumpeleka mimi mwenyewe kwa babu sasa kulikuwa kubaya zaidi, maana babu angetoka na fimbo yake, angeuliza habari za mkwe wake, na uwongo wa mguu ungeanikwa uwanjani.

"Kuna kingine karibu," nikasema. "Pale mtoni. Ni kilekile."

Tulikwenda mtoni. Nilitangulia na viatu vyangu vyeupe, nikichagua pa kukanyaga. Mtafiti alisugua jani akalinusa. "Hakina harufu," alisema. "Mama hakusema kina harufu?" Mama alisema, na mimi ndiye niliyetafsiri. Nikamjibu kwamba harufu hutoka kikikaushwa. Sijui neno hilo nililitoa wapi, lilikuja lenyewe, tena kwa sauti ya mtaalamu. Akaandika. Akakata matawi, mengine akayabana katikati ya magazeti, mengine akayatia mfukoni kwa ajili ya maabara. Kabla ya kuondoka alinipiga picha nikiwa nimeshika tawi, kichaka kando yangu, na nyuma yangu mawe mawili makubwa meusi ya mtoni.

"Mmechuma?" mama aliniuliza tuliporudi.

"Tumechuma."

"Vizuri," alisema, akaenda kuosha vyombo vya mgeni.

Mtafiti alinipenda. Alisema nina macho ya kazi, akaniombea nafasi ya mafunzo ya usaidizi wa maabara, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa Dar es Salaam nimevaa koti jeupe. Nilijifunza kupima, kuchemsha, kuchuja, na zaidi ya yote kuosha chupa. Nilijifunza pia namna majani yanavyoulizwa swali. Chembe hai hukuzwa ndani ya chupa mpaka zitandae kwenye sakafu ya kioo kama utando juu ya maziwa. Ukitia kirusi, utando unachanika, chembe zinajikunja na kubanduka. Ukitia kirusi pamoja na maji ya mmea, unangoja siku kadhaa kisha unatazama kwa darubini. Mimea mingi haizuii kitu. Mingine inaua kirusi na chembe pamoja, na hiyo haina faida. Mara chache sana unakuta utando umebaki mzima, na hapo watu wazima wenye shahada wanaitana kwa sauti kuja kuchungulia.

Chupa za mama niliziona. Zilikuwa na namba tu, bila jina, lakini namba niliiandika mimi. Utando wote ulikuwa umebanduka, sawasawa na zile chupa ambazo hazikutiwa dawa yoyote. Mtafiti alisema "Haya, bahati mbaya," akaweka alama ya kutoa kwenye daftari na kuendelea na namba inayofuata. Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu chumbani, na alikuwa mtu wa kusamehe. Lakini mtu aliyedanganya juu ya sampuli moja anaaminiwaje juu ya nyingine? Nafasi yangu ingekwenda, koti lingekwenda. Nikazichukua chupa, nikaziosha, nikazipanga zikauke.

Mtafiti alikuwa na sifa moja ambayo wengi hawana. Alirudi. Aliwaahidi wazee kwamba atawaletea majibu, na akawaletea, kijiji kwa kijiji, mimi nikiwa mkalimani wake. Wengine walipewa habari nzuri kidogo, kwamba mmea wao umeonyesha dalili na bado unahitaji kupimwa sana. Mama tulimfikia mchana wa mvua ndogo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Mtafiti alisema kwa uangalifu. Alisema maabara si mwili wa mtu. Alisema mmea usiozuia kirusi ndani ya chupa huenda unapunguza maumivu kwa namna nyingine. Alisema anamshukuru. Mimi nilitafsiri yote, ingawa mama alikwisha kuelewa. Nilipofika pale pa kusema kwamba haikuzuia kitu, niliangalia mkeka.

Mama akaniuliza kwa Kinyakyusa, taratibu, "Waliyasugua wakanusa? Yalikuwa na harufu?"

Lile lilikuwa swali la kitafiti kuliko maswali yote niliyowahi kuyasikia maabara. Mama aliyeishia darasa la pili alikuwa ameweka kidole juu ya kosa lenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kulitafsiri tu.

"Walinusa," nikamjibu. "Yalikuwa nayo."

"Anasemaje?" mtafiti akauliza.

"Anashukuru."

Mama alilisikia neno hilo. Aliniangalia, na kwa adabu ya mwenye nyumba akatikisa kichwa, akamwambia mgeni, "Ndaga fijo," asante sana. Hivyo uwongo wangu akaumalizia yeye kwa heshima. Mtafiti alimwachia picha ile ya mtoni kama zawadi, imekuzwa, na mama akaitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Wageni waliomtembelea aliwaonyesha. Huyu ni binti yangu, anapima dawa.

Baada ya hapo aliacha kutibu. Hakutangaza, aliacha tu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo mwalimu yule wa kike aliporudi, safari hii amekonda, mkanda umempanda mpaka shingoni. Nilikuwa nakwangua muhogo mlangoni. Mama alimkaribisha, akampa kigoda, akamwambia dawa ile ilipimwa na wenye elimu ikaonekana haina kitu, na yeye hawezi kumpaka mtu kitu asichokiamini tena. Alimshauri aende duka la dawa Tukuyu. Mwalimu alisema amekwishakwenda, wamempa losheni na GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka. Walikaa wanaangaliana. Kisha mama akamsindikiza kwa njia ya shambani, amemshika mkono, na mimi nikaendelea kukwangua muhogo mpaka nikajikata.

Sisemi kwamba majani ya kwa babu yangemponya. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawalielewi nikijaribu kueleza. Huenda yangebandua utando kama yale ya mtoni. Huenda hayana lolote zaidi ya harufu. Ila swali lile lilikuwa na haki ya kuulizwa, na lilikuwa la mama, na mimi nililijibu kwa niaba ya kichaka kisichohusika kwa sababu nilimwonea haya mama yangu. Mwalimu alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wenyewe ule ambao watu hawakuutaja. Mama alikwenda kuzika. Mimi nilituma salamu.

Babu alikufa akiwa mzee sana. Nilipewa ruhusa kazini, nikafika asubuhi ya maziko. Uwanja wake ulikuwa umejaa watu kutoka Kiwira, kutoka Mbeya, na bado wengine walikuwa njiani. Wazee walimwambia mama kwamba sasa apite, aliyekuwa anaogopwa hayupo. Akapanda kati ya migomba, pole pole, akiwa na wanawake wenzake na vyungu vya kupikia. Nilimfuata nyuma. Alisimama mwanzoni mwa uwanja kama mtu aliyefika ugenini, akaangalia mlango, paa, kuni zilizopangwa. Zaidi ya miaka ishirini na mitano alikuwa amelima chini ya nyumba ile.

Wanawake walielekezwa kupika nyuma. Huko ndiko alikokikuta.

Kilikuwa kimekua, kinamzidi kimo. Mama aliweka chungu chini. Alichuma jani moja, akalisugua kwenye kiganja, akalinusa, akafumba macho. Niliona mabega yake yakilegea, nikadhani anamkumbuka bibi. Kisha akafumbua macho akaanza kuangalia chini, kuzunguka kile kichaka chote, polepole, kama anatafuta sindano. Hapakuwa na kitu ila udongo mwekundu na maganda ya maharage.

"Mawe yako wapi?" akaniuliza.

Aliishi na picha ile ukutani miaka mingi, aliyajua mawe yale mawili meusi kuliko alivyoujua uso wangu. Aligeuza macho akatazama chini kulekule mtoni, ambako kutoka juu pale ukungu ukiwa umeinuka unapaona vizuri. Halafu akanitazama mimi.

Wakati huohuo walikuja vijana wawili wa ukoo na mapanga. Watu walikuwa wanaongezeka, palihitajika nafasi ya mafiga na turubai. Mmoja wao, kwa adabu, akamuuliza mama, "Mama, hiki tukikate? Au ni cha dawa?"

Mama aliendelea kunitazama mimi. Wanawake wengine walikuwa wamesimama na vyungu vyao, shangazi zangu walikuwepo, wote walinijua kuwa ni yule wa maabara. Mama alinipa muda. Hata leo naweza kuupima muda ule, ulikuwa wa kutosha kusema maneno matatu, ulikuwa wa kutosha hata kusema kumi. Alikuwa ananingoja kama alivyokuwa ananingoja nikiwa mdogo, kapu mkononi, niseme mwenyewe nilikochuma.

Nilishika pindo la koti nililosafiria, nikalinyoosha.

"Kateni tu," mama akawaambia. "Hakina kazi. Mwanangu alikipima."

Panga la kwanza lilipotua, ile harufu ilijaa uwanja mzima.